Bibi Harusi Ambaye Hajafunuliwa

Karibu na Bruneck,
Tirol ya Kusini, Italia
8 Septemba 2024

Shangazi Ernesta,

Mwakeye. Nimekupigia makofi ya salamu nikiwa peke yangu jikoni, mara tatu kama inavyotakiwa, na mume wangu Florian amechungulia mlangoni akidhani ninaua nzi. Nimemwambia ninamsalimia mtu aliye Kibondo. Amerudi kwenye kazi yake ya useremala bila kuuliza zaidi. Ndiyo maana nilimpenda.

Goti la Bibi linaendeleaje? Baba aliniambia kwa simu kwamba mihogo ya Heru Juu imeoza, na kwamba wewe bado unapanda basi kutoka Kibondo kila mwisho wa mwezi kwenda kumwona Bibi, na ukifika mnagombana kabla hujavua viatu. Nilifurahi kusikia. Siku mtakayoacha kugombana nitaogopa.

Huku nyasi za mwisho zimekatwa na ng'ombe wameanza kushuka kutoka milimani. Nyumba ya wazee ninakouguza imejaa. Mimi ni mzima.

Sasa neno lenyewe. Najua ulishasema simu ni ya kuulizana hali na jambo la maana linaandikwa, kwa hiyo naandika. Baba mkwe wangu, mzee Alois, ni mwanachama wa siku nyingi wa Chama cha Nchi ya Milimani. Ni chama kidogo cha watu wa jimbo hili, ambao wako ndani ya Italia lakini lugha yao ni Kijerumani. Wanataka jimbo lijitenge, lisiwe la Italia tena. Mwezi Mei mwakani tunachagua baraza la mji, na Alois ameniomba jina langu liwe miongoni mwa wagombea wao.

Sijamjibu. Nimemwambia kwetu msichana ana shangazi, na neno kubwa haliendi mbele kabla shangazi hajaulizwa. Basi ninauliza. Nigombee?

Mwanao,
Herieth


Kibondo
20 Oktoba 2024

Herieth mwanangu,

Makofi yako nimeyapokea na kuyarudisha. Bibi yako ni mzima kuliko goti lake. Mihogo haikuoza, ilishikwa na ugonjwa wa batobato. Kaka yangu Benedicto hajawahi kujua tofauti ya batobato na uzembe, na wewe usimwamini baba yako katika jambo lolote linaloota ardhini. Mvua zimeanza vizuri. Nimepewa vipindi vya historia vya kidato cha nne pamoja na vya tatu, maana mwenzangu amehamishwa.

Je, una sweta nzito? Miguu yako ilikuwa ya baridi tangu utotoni. Ulikuwa ukilala kwangu unanibandika nayo mgongoni nami najifanya nimelala.

Nimeisoma barua yako ofisini kwa walimu, na Mwanaheri, mwenzangu yule wa Pangani, akaona uso wangu. Akasema, "Kuna msiba?" Nikamwambia kuna chama. Akasema, "Afadhali msiba, una siku ya kwisha."

Hapana, Herieth. Nimefundisha watoto wa watu kwa zaidi ya robo karne kwamba nchi hii ina makabila zaidi ya mia na ishirini, na kwamba kukaa pamoja si zawadi iliyodondoka kutoka mbinguni, ni kazi, na ina watu walioifanya. Ingekuwa kila bonde lenye lugha yake linadai bendera, sisi Waha tungekwisha kujifungia hapa na mbuzi wetu, tukisalimiana mpaka njaa itumalize. Halafu nani? Wasemaji wa Kijerumani? Babu wa babu yako alibebeshwa mizigo na wasemaji wa Kijerumani. Hukulisoma kwangu hilo?

Tena kuna jambo umelizunguka. Mtu hagombei baraza la nchi ambayo si raia wake, na nchi yetu haimpi mtu mzima ruhusa ya kuwa raia wa mbili. Nieleze basi, polepole, kama kwa kidato cha kwanza. Umekuwa Mwitaliano ili uingie kwenye chama cha kuacha kuwa Mwitaliano?

Na la mwisho halina mjadala. Wewe hujafunuliwa. Uliolewa huko mwaka 2019, mwaka uliofuata ndege zikasimama kwa ule ugonjwa, na mpaka leo hakuna mtu wa ukoo aliyefika kwako na chakula na pombe ya ndizi akakuondoa kitenge kichwani mbele ya wakwe. Kwa mila yetu wewe bado ni bibi harusi wa ndani. Bibi harusi wa ndani hawaandalii wageni, na hasimami mbele ya watu kuomba kura. Mwambie hivyo mzee wako.

Vaa soksi.

Shangazi yako,
Ernesta


Bruneck
24 Novemba 2024

Shangazi,

Mwakeye, na Bibi, na Baba, na Mwanaheri, na mbuzi wetu wote uliotaka kujifungia nao. Theluji imeanza. Soksi nimevaa. Sweta ninazo tatu, moja Alois alinifumia mwenyewe akiwa hospitalini, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Nimemweleza hilo la kufunuliwa. Tulikuwa mezani, nikatafsiri sentensi kwa sentensi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Miaka mitano umewaandalia wageni wangu," akasema, "na ilikuwa mwiko? Kwa nini hukuniambia?"

Nikasema sikutaka kuwasumbua.

"Mila si usumbufu," akasema. "Shangazi anakuja lini?"

Tangu siku hiyo hanipi nafasi ya kushika birika mgeni akiwepo. Wiki iliyopita wanachama walikuja kupanga mambo ya uchaguzi. Mzee wa miaka themanini na moja akabeba kahawa mwenyewe, nusu ya kahawa ikabaki kwenye visahani. Mmoja akamtania, "Alois, umeolewa lini?" Akamjibu, "Nyamaza unywe. Shangazi hajafika." Halafu akawaambia jina langu lisiandikwe mpaka wewe uje. Wamenung'unika, lakini wanamheshimu.

Nakuandikia kidogo habari zake ili umjue unayemgombeza. Baba yake alibatizwa Josef. Jimbo hili lilipopewa Italia baada ya vita kuu ya kwanza, serikali ya Italia ikaamua yeye ni Giuseppe, na Kijerumani kikapigwa marufuku shuleni. Mama yake alijifunza kusoma lugha yake ghalani nyuma ya ng'ombe, kwa mwalimu wa kificho, mtoto mmoja akilinda njia. Alois anasema alikua akidhani vitabu vyote vinanuka samadi. Leo mambo si hivyo, wana shule zao, wana serikali yao ya jimbo, wanaishi vizuri. Florian humwambia, "Baba, tumeshashinda, tuzibe mashimo ya barabara." Yeye husema mtu aliyewahi kubadilishiwa jina hasahau.

Hilo la uraia nitakujibu siku nyingine.

Njoo, Shangazi. Nauli ni juu ya Florian, amesema mwenyewe. Majina yanapelekwa mwanzoni mwa Aprili. Njoo kabla ya hapo unifunue, kisha kama bado unakataa nisigombee, ukatae ukiwa umenikalia mbele.

Mwanao,
Herieth


Heru Juu, Kasulu
12 Januari 2025

Herieth mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kwa Bibi yako, kwenye kile kiti ambacho mguu wake mmoja ni tofali. Heri ya mwaka mpya. Tumekula Krismasi vizuri, baba yako alichinja. Bibi anasema nikuulize kama huko theluji inaliwa. Nimemwambia asinitie aibu. Anasema niandike.

Mpe Alois salamu zangu na pole ya kahawa. Mtu anayeshika mila ya watu asiowajua ni mtu wa kubishana naye, na mimi nitabishana naye. Mwambie haya.

Mwaka ule nchi yake ilipopewa Italia nimeuangalia upya. Ni 1919, katika mikutano ya Paris baada ya vita. Na sisi je? Kwenye meza hizo hizo, mwaka huo huo, koloni la Wajerumani liligawanywa. Urundi ikaenda kwa Mbelgiji, na huku kwetu, baada ya kuvutana, kukawa kwa Mwingereza. Hakuna Mha aliyeulizwa. Watu wanaosikilizana neno kwa neno, wanaooana, wanaozikana, wakalala ndugu wakaamka wageni. Kwa hiyo asinihubirie habari ya mpaka uliochorwa na watu waliokuwa wanangoja chakula cha mchana. Ninao wangu.

Ila sisi hatukuanzisha chama. Pale Munanila, mpakani na Burundi, watu wanavuka kwenda kununua mbegu na kupeleka mahari, na jioni wanarudi. Mpaka mbaya unautafuna kwa miguu kila siku mpaka unakuwa njia. Hiyo ndiyo siasa yangu. Yeye anataka kuufuta mpaka mmoja kwa kuchora mwingine. Na swali langu kwake ni hili, nataka jibu la maandishi: Waitaliano waliozaliwa humo bondeni, ambao makaburi ya baba zao yako humo, atawaweka wapi?

Ama kuja kwangu, nitakuja. Siwezi kusema lini. Shule zinafunguliwa kesho, kidato cha kwanza ni wengi kuliko madawati, goti la Bibi linataka mtu wa kumpeleka hospitali, na mvua imeharibu njia ya huku juu, bodaboda wanatushusha chini tunapanda kwa miguu. Kuna na mambo mengine. Usinibane.

Shangazi yako,
Ernesta


Bruneck
16 Februari 2025

Shangazi,

Mwakeye. Theluji hailiwi, mwambie Bibi, lakini watoto hawasikii.

Alois amejibu. Kwanza aliandika kwamba Waitaliano wabaki ila wajifunze kusalimia. Asubuhi akaniomba barua akaichana. Amesema hilo si jibu la kumpa mwalimu, anatafuta jingine.

Mimi sitaandika mengi. Umenipa sababu nne za kutokuja, na mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nne. Wewe ulinifundisha hivyo.

Nadhani najua. Ulikwisha kuelewa tangu barua ya kwanza. Ndiyo, nimekuwa raia wa huku. Niliapa mwaka jana mwezi wa nne, mbele ya meya na bendera yao, nimevaa kitenge ulichonipa siku naondoka. Pasipoti yetu niliirudisha ubalozini kwa posta. Kabla ya kuifunga kwenye bahasha niliitoa tena nikaiweka mezani, nikala nayo chakula cha jioni kama mgeni anayesafiri kesho. Baba nilimwambia. Wewe sikuweza.

Kama unaona haya kuja kumfunua Mwitaliano, niambie tu.

Lakini usifikiri nimefuata bendera ya mtu. Jimbo litoke au libaki, mimi kesho yake nitakuwa nawabadilishia wazee shuka zilezile. Nimekaa huku miaka kumi. Kuna wazee waliokuwa hawataki niwaguse, na sasa wakiamka wananiita kwa jina. Kuna mama wa duka la mikate aliyekuwa akinijibu kwa kidole, na sasa anasema habari za asubuhi. Vyote hivyo nimevipata kimoja kimoja, kwa kungoja. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyesema "sisi" nami nikiwamo ndani yake. Alois ndiye wa kwanza. Alisema, "Tunataka baraza liwe na watu wetu, kwa hiyo uwemo." Alisema hivyo huku anamenya viazi, hata hakuona kwamba nimegeukia dirishani.

Ndiyo maana nilikuuliza. Siyo siasa. Nilitaka kuwa mtu wa mahali fulani, na nilitaka wewe ndiye useme ni sawa.

Herieth


Kibondo
16 Machi 2025

Mwanangu Herieth,

Naandika haraka maana basi la posta linaondoka, na barua hii nilipaswa kuiandika mwezi wa kwanza.

Sikuona haya. Usilirudie neno hilo. Nilikuwa siwezi kuja, na sikuweza kusema kwa nini, kwa sababu nilijiona mdogo.

Niliomba pasipoti mara tu barua yako ya Novemba ilipofika. Nikaitwa kwenye ofisi moja, sitaitaja. Nyuma ya meza alikuwa kijana anaitwa Marselino. Nilimfundisha mwenyewe vita vya Majimaji, hapa hapa Kibondo, na alipata C kwa huruma yangu. Alinivutia kiti kwa heshima zote.

"Mwalimu, shikamoo. Mama yako alizaliwa wapi?"

"Munanila."

"Munanila ni mpakani, mwalimu. Upande upi?"

"Upande wa nyumba ya mama yake."

"Mwalimu, nisaidie tu. Uliingia nchini lini?"

Nikamwambia, "Niliingia mwaka 1970, kupitia kwa mama yangu."

Hakucheka. Akasema kuna watu wengi wanaotoka ng'ambo, na kwenye makambi ya wakimbizi, na lafudhi zinafanana, kwa hiyo niongee kidogo asikie. Nimeongea, Herieth. Unanijua. Nimeongea mpaka mlinzi akaingia. Lakini nilipotoka nje, nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Mimi. Ninayewaimbisha watoto wimbo wa taifa kila Jumatatu. Mwanaheri akaja kunichukua, akanisikiliza, akasema, "Mimi babu yangu alitoka Komoro na sijawahi kuulizwa niliingia lini. Wewe Mha wa Heru Juu unaulizwa. Twende tukanywe chai." Tukaenda. Nilishindwa kuinywa.

Tangu hapo wananizungusha. Walete mashahidi, walete wazee, rudi wiki ijayo. Bibi yako sijamwambia. Atawezaje kusikia kwamba binti yake anaulizwa kwa sababu ya mahali alipozaliwa yeye?

Na kumbe wiki chache tu baada ya kukufokea wewe kuhusu uraia, wangu mimi ulikuwa juu ya meza ya Marselino. Nimekaa na aibu hiyo peke yangu. Kwa ile pasipoti uliyokula nayo chakula sikukukasirikia. Nililia kidogo, basi.

Sasa nisikilize. Weka jina lako. Chama hicho bado naona kimekosea, na nitamwandikia Alois kurasa za kutosha. Ukichaguliwa, wakitaka kumwondoa mtu mahali alipozaliwa, wewe ndiye utakayenyanyua mkono kukataa, na hapo nitajua kwa nini Mungu alikupeleka huko. Lakini mtu akikuambia wewe ni wetu, usimnyime kwa sababu ya shangazi mwenye maneno mengi. Neno hilo ni adimu. Mimi nimeona jinsi linavyoweza kukosekana nyumbani kwa mtu mwenyewe.

Kitenge nitakuja kukiondoa wakimaliza kuniuliza.

Shangazi yako,
Ernesta


Bruneck
11 Mei 2025

Shangazi yangu,

Mwakeye, mwakeye, na tena mwakeye. Barua yako ilifika wiki ya Pasaka. Majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa, langu halimo.

Nilimsomea Alois. Nilipofika pale pa Marselino alinisimamisha. "Amemuuliza hivyo mwalimu wake?" Nikasema ndiyo. "Mama yangu aliulizwa hivyo hivyo," akasema, "ila aliyemuuliza hakumvutia kiti." Akaniomba nirudie pale pa "kupitia kwa mama yangu". Nimerudia mara nyingi tangu siku hiyo. Amewaambia wanachama wote. Anasema chama kikikupata wewe mwezi mmoja tu, hiyo Roma yenyewe itaomba kujitenga na jimbo.

Uchaguzi umepita. Chama kimepata kiti kimoja, amekipata mwenye duka la mbegu. Mimi nimepiga kura, na sikuambii nimempa nani. Alois naye simwambii, na amenuna tangu Jumapili ya uchaguzi.

Swali lako la Waitaliano bado hajalijibu. Analiweka pembeni ya sahani kila mlo. Juzi alimwalika jirani yetu Mwitaliano kahawa, akambebea mwenyewe, wakakaa kimya nusu saa wakiangalia kuku. Kwake hiyo ni hatua.

Sasa na mimi nina langu. Shangazi, nilijua.

Siku ile barua yako ya Oktoba ilipofika nilimpigia Bibi. Nilimuuliza kama ni kweli bibi harusi ambaye hajafunuliwa hawezi kugombea. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, nikasikia Baba anamletea maji. Akasema, "Kutoandalia wageni ni kweli. Hilo la kura Ernesta ameliongeza. Yeye mwenyewe aligombea uongozi wa walimu akiwa na mimba ya miezi saba, na hatukuwa tumekwenda kumfunua. Na alishinda, na hakuna aliyeweza kulala kwa hotuba zake."

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kwamba umeitunga. Nilipomweleza Alois, nilimweleza kama ulivyosema wewe, pamoja na nyongeza yako. Na aliposema jina langu lingoje mpaka ufike, sikumkatalia, kwa sababu niliona kwamba sasa huna njia, lazima uje.

Nilitaka kuitwa mtu wao. Nimekuandikia hivyo na ni kweli. Lakini ningeulizwa nichague kiti barazani au wewe mlangoni pangu umebeba chungu, ningefanya vilevile. Miaka mitano watu wa huku wananiona nimefika kama mtu aliyeokotwa njiani. Hawajawahi kuona mtu anayekuja kusema mimi ni wake.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini uje.

Mwanao,
Herieth


Heru Juu, Kasulu
22 Juni 2025

Herieth, mjanja mkubwa wewe,

Barua yako nimeisoma kwenye basi la kutoka Kibondo, nikapitiliza kituo, nikashuka mbele huko, nikapanda bodaboda kurudi huku nacheka peke yangu. Kijana akaniuliza, "Mama, uko salama?" Nikamwambia nimeshindwa kwa hoja, na haijanitokea siku nyingi.

Nilipofika nilimhoji Bibi yako. Hajutii chochote. Anasema aliona nina kiburi na aliona unanihitaji, na kwamba mtu akiviona vyote viwili hafungui mdomo. Halafu akaniuliza mbona sijaenda. Ikabidi niseme. Nikamwambia habari ya Marselino, ya Munanila, ya upande upi, yote.

Nilitegemea atalia. Aliomba kanga yake nzuri. Asubuhi baba yako akamtafutia bodaboda wa taratibu, akampakia na goti lake, mimi nikafuata kwenye nyingine, na wazee wawili wa Munanila tuliokubaliana nao wakatukuta mjini. Tukaingia ofisini. Bibi akamsalimia Marselino kwa Kiha, salamu ndefu ya kikwetu, ya mifugo na mashamba na waliolala na walioamka. Na yule kijana, kabla hajajikumbuka kwamba yuko kazini, alisimama akapiga makofi akamwitikia yote, mpaka mwisho, bila kukosea.

Bibi akamuuliza, "Unasalimu vizuri. Mama yako anatoka wapi?"

"Munanila, Bibi."

"Upande upi?"

Alikaa. Wale wazee wakatoa ushahidi wao, akaandika, hakuniuliza tena habari za kuingia. Nilipokuwa natoka akasema, "Mwalimu, na mimi nilipoomba kazi waliniuliza." Nikamwambia ungeniambia siku ile ile tungekaa kwenye ngazi wote wawili. Pasipoti nimeipata Jumatano. Bado viza, nayo nimeambiwa wanauliza maswali. Wataniuliza mimi?

Mwambie Alois sijabadilika. Chama chake nakuja kukipinga mezani kwake, nikila chakula chake. Lakini nimekwisha kuelewa kwa nini mtu wa miaka themanini hawezi kuacha. Kuulizwa wewe ni nani nyumbani kwako ni kitu kinachokaa. Mimi nimekaa nacho miezi michache tu na bado nikiona meza na kiti nyuma yake moyo unaruka. Hilo nitamwambia. Kisha nitamwambia kwamba dawa yake si kwenda kukaa wewe nyuma ya meza. Na kama hajapata jibu langu, tutalitafuta pamoja, na huyo jirani aitwe.

Nikipewa viza nakuja Septemba, shule zikifungwa. Nabeba unga wa muhogo, maharage, mawese kidogo na asali ya Kibondo. Pombe ya ndizi wataninyang'anya njiani, kwa hiyo mzee atoe yake. Utakaa chini kwenye mkeka hata kama sakafu yao ni barafu. Utajifunika kitenge kile ulichoapia, sitaki kipya. Waite watu wa chama, waite mama wa mikate, waite wazee wanaoweza kutembea. Nitakiondoa mbele yao, na nitasema kwa Kiha, nawe utawatafsiria bila kupunguza, kwamba huyu ni Herieth wa Benedicto wa Heru Juu, mjukuu wa mwanamke wa Munanila, na kwamba tumemleta kwenu kwa miguu yetu wenyewe, tukijua tunachotoa.

Siku hiyo Alois asibebe kahawa. Utawaandalia wewe.

Shangazi yako,
Ernesta